Sura ya Saba: Ufagio Uliolala

Kanali Demyan Savvich Zhilin alimfukuza mfagiaji kwa sauti iliyofika mpaka mahabusu.

"Toka na hilo fagio lako, Tasia! Nikwambie kwa lugha gani? Mke wangu yuko angani!"

Bi Tasia alirudi kinyumenyume, ndoo mkononi. "Mimi nilijua ameondoka jana."

"Ameondoka leo saa tano. Hapa hapaguswi mpaka anipigie kwamba amekanyaga Moscow. Au unataka uifagie njia yake, asirudi?"

"Asirudi, halafu wewe uvumiliwe na nani?" Bi Tasia aliutazama mchanga mweusi uliotapakaa kutoka mlangoni mpaka mezani, mchanga ule unaomwagwa barabarani wakati wa barafu na ambao kila buti la Petropavlovsk huingia nao ndani mwezi wa Aprili. "Ila wageni wako watadhani umehamia zizini."

Kapteni Raisa Osokina alimpisha mlangoni, akaingia bila kubisha.

"Kama umekuja kwa ajili ya Kavav, geuka," Zhilin alisema. "Kesho saa nne asubuhi nasaini mashtaka. Jumamosi anapelekwa gereza la bara."

"Kavav hakuua."

"Alikutwa na damu mpaka viwikoni."

"Alikuwa anajaribu kumwinua daktari. Mlinzi gani anaua mtu, halafu anapiga simu polisi na kuwasubiri hapo hapo mlangoni?"

"Mlinzi mjinga. Wapo wengi. Hata humu ndani wapo."

Osokina aliketi bila kukaribishwa. Daktari Kruglov, aliyekuwa akiwapima marubani kwenye kiwanja kidogo cha helikopta nje ya mji, alipigwa spana kichwani siku ya Jumatatu. Saa nane kasoro dakika chache za mchana alizungumza na rubani mmoja kwa redio. Saa nane na robo Afanasi Kavav, mlinzi wa kiwanja na mtu wa kabila la Wakoryaki, alimkuta sakafuni. Miezi miwili kabla ya hapo, daktari huyo huyo alikuwa amemzuia Rostislav Shelepin kurusha helikopta maisha yake yote, na Shelepin alimwambia mbele ya watu kwamba atamzika.

"Shelepin," Osokina alisema.

"Shelepin alikuwa angani!" Zhilin alisimama, akaligonga bango la ramani ukutani nyuma yake. Watu wa Petropavlovsk husema wanakwenda bara kana kwamba wanaishi kisiwani, na kwenye ramani ile sababu ilionekana: rasi nzima ya Kamchatka ilining'inia pembeni mwa nchi, bila barabara hata moja ya kutokea. "Soma, maana shule umekwenda. Hapa sisi. Kule Moscow. Kilomita elfu sita na mia nane kwa mkato wa ndege. Saa tisa hewani, hakuna kituo njiani. Ndege iliondoka Jumatatu saa tano asubuhi, na pasipoti ya Shelepin ilikaguliwa mlangoni na watu wenye macho. Daktari anauawa saa nane. Kwa saa hiyo Shelepin yuko juu ya misitu ya Yakutia anakula kuku baridi. Aliruka dirishani, akashuka kumpiga mtu spana, akaikimbilia ndege?"

"Nataka kuongea naye."

"Mpigie! Moscow saa hizi ni alfajiri, atakupenda sana."

Osokina alipiga, akaweka simu kwenye kipaza sauti. Iliita mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Nani huyo anayekufa?" Sauti ilikuwa nzito ya usingizi na ya hasira.

"Kapteni Osokina, Petropavlovsk. Rostislav Shelepin?"

"Nilishaongea na wenzako. Nilipanda saa tano, nikashuka saa tano. Saa tano ya kwenu, saa tano ya huku. Mnashindwa hesabu za darasa la pili?"

"Ulikaa upande gani wa ndege?"

"Kushoto, dirishani. Sasa hilo nalo ni kosa la jinai?"

"Ni safari ndefu. Giza liliwakuta wapi?"

Zhilin alimkazia macho. Upande wa pili mtu alicheka kwa pua.

"Giza gani, mama? Hujawahi kupanda ndege? Unaondoka huku jua liko juu, na ndege inalifuata nyuma lile lile. Halizami. Lilinikaa shavuni tangu Kamchatka mpaka Moscow, nikavuta pazia nilale. Una mtego mwingine?"

"Ulimpigia mama yako ulipofika?"

"Nilipotua tu. Anajua nimefika. Mwacheni mwanamke wa watu apumzike."

Akakata.

Zhilin alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Asiyepanda angesema aliona usiku. Huyu amepanda. Umemtega, amepita. Nenda nyumbani, Raisa Lvovna. Na ukitoka mwambie yule mke wa Kavav aondoke kwenye ngazi zangu. Tangu Jumatatu amekaa pale kama mnara."

Mke wa Kavav hakuwa mtu wa kuambiwa. Osokina alipotoka alimkuta palepale, amejifunga shali, thermosi ya chai miguuni.

"Kesho ndiyo kesho?" aliuliza.

"Kesho saa nne."

"Akipelekwa bara nitamwona kwa kupanda nini? Ngamia?" Akageuza uso upande wa ghuba. "Nenda. Unanikingia jua."

*

Klavdia Prokhorovna Shelepina, mama yake Shelepin, aliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo la zege lisilo na lifti. Ghorofa ya pili mzee mmoja mwenye fulana ya mistari alikuwa anavuta sigara kwenye ngazi.

"Kwa Klavdia?" Aliyatazama mabuti ya Osokina akatikisa kichwa. "Yavue hapa hapa, mwanangu. Mwaka jana fundi wa maji alivuka kizingiti na viatu, alimfukuza na tambara mpaka kituo cha basi. Mwanamke yule anaosha hata sabuni."

"Umemwona mwanaye wiki hii?"

"Mimi huona moshi tu." Akampa mgongo.

Mlango ulifunguliwa kabla Osokina hajagonga mara ya pili. Klavdia alikuwa mwanamke mkubwa mwenye aproni iliyopigwa pasi, mikono imekunjwa kifuani.

"Nyie tena."

"Sisi tena. Naingia."

"Mmeshamkamata yule Mkoryaki wenu. Mnataka nini kwangu, chai?"

"Chai pia sikatai."

"Hakuna."

Osokina alivua buti mlangoni, kama inavyotakiwa, akaingia na soksi. Hatua ya kwanza tu kitu kilimchoma unyayoni. Akatazama chini. Mchanga mweusi. Ulitapakaa kwenye korido yote, na juu yake tope la mabuti lilikuwa limekauka na kuacha alama za kisigino, kubwa, za wanaume, zikielekea nje. Kando ya ukuta kulikuwa na vigoda vitatu, vimepangwa vikitazamana.

Jikoni samaki wadogo wa Aprili walikuwa wakikaangwa, na harufu yao ya tango mbichi ilijaa nyumba nzima. Madirisha yalikuwa yameoshwa mpaka kioo kilionekana hakipo. Bomba liling'aa. Sufuria zilipangwa kwa ukubwa, mikono yote upande mmoja. Mapazia yalitundikwa bado yana unyevu. Na chini ya mapazia hayo, sakafuni, magamba ya mayai, makombo ya mkate, na mchanga.

"Rostislav alifika salama?" Osokina aliuliza.

"Alifika. Jumatatu hiyo hiyo. Alinipigia saa mbili usiku kwa saa zetu."

"Ulifurahi."

"Hapana, nililia kwa huzuni. Swali gani hilo?"

"Vile vigoda kwenye korido ni vya nini?"

"Vya kukalia. Kwenu mnakalia nini, ndoo?"

"Mlikaa kabla ya safari, kama ilivyo desturi. Wewe kimoja, mwanao kimoja. Cha tatu alikaa nani?"

"Paka."

"Yuko wapi paka?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Ulipogonga mlango."

Klavdia aliwageuza samaki kwa uma, mgongo wake mpana umemwelekea mgeni. Osokina alizunguka jikoni polepole. Ukutani, karibu na friji, kulikuwa na picha ndani ya fremu: vijana wawili ndani ya maji ya mto mpaka magotini, wameshika samaki mmoja mkubwa kila mmoja upande wake. Nyusi zilezile, kidevu kilekile chenye kishimo. Osokina, aliyekuwa amelitazama faili la Shelepin kwa siku tatu, hakuweza kusema yupi ni yupi.

"Mapacha?"

"Mtoto wangu na mtoto wa dada yangu. Na picha si kosa."

"Huyu wa dada yako ni nani?"

"Makar. Yuko kazini kaskazini, hana habari na nyie."

Osokina aliitazama picha, akaitazama sakafu, akamgeukia mwenye nyumba.

"Klavdia Prokhorovna, mbona hapajafagiwa?"

Uma ulisimama juu ya kikaango. Kidogo tu, halafu ukaendelea.

"Mgongo. Siwezi kuinama."

"Pole. Umeosha madirisha kwa mgongo huo?"

"Madirisha hayako chini."

"Na beseni la kuogea? Mlango wa bafu uko wazi, naliona. Limesuguliwa mpaka chini, na kule lazima upige magoti."

"Umekuja kukagua uchafu? Kale kamshahara mnakopewa ni kwa kazi hii?"

"Jirani yako ananiambia unaosha hata sabuni."

"Jirani yangu mlevi."

"Kila mtu hapa mjini ana mtu bara," Osokina alisema, akivua koti na kulitundika kwenye kiti. "Mkuu wangu leo amemfukuza mfagiaji kwa sababu mke wake yuko angani. Usiku huu mke atatua, atapiga simu, na kesho ofisi itafagiwa. Ndege ya bara ni saa tisa. Ufagio hulala siku moja, basi, unaamka. Wa kwako umelala tangu Jumatatu. Leo Alhamisi. Mwanao amefika, unasema. Amekupigia. Sasa ufagio unamsubiri nani?"

"Sina habari na ushirikina."

"Vizuri sana. Basi nikusaidie, maana mgongo unauma."

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, umesimamishwa nywele juu. Osokina aliuchukua.

"Weka hicho," Klavdia alisema.

"Kazi ndogo tu."

"Nimesema weka! Nyumba yangu, uchafu wangu!"

Osokina alianzia chini ya dirisha. Alivuta mara moja, na magamba ya mayai yakasogea kwa mlio mkavu. Akavuta mara ya pili. Klavdia alicheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Fagia, fagia. Angalau umepata kazi unayoiweza."

Osokina alifagia mpaka mlangoni mwa jikoni. Akaingia kwenye korido. Rundo la mchanga lilikuwa linakua mbele yake, likielekea kizingiti. Nyuma yake kicheko kilikuwa kimekatika. Alama ya kwanza ya buti ilikuwa mbele ya vigoda, kisigino kizima na nusu ya wayo. Osokina aliuweka ufagio juu yake.

"Mwanangu," Klavdia alisema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Acha."

"Amefika Moscow, mama. Kuna nini cha kuogopa?"

Akausukuma ufagio.

Klavdia alimvamia. Uzito wote wa mwili ule ulimbamiza Osokina ukutani, kigoda kikapinduka, na mikono miwili yenye mafuta ya samaki ikaung'ang'ania mpini.

"Usimfagie! Yuko baharini! Bado yuko baharini!"

Ndipo akasikia alichosema. Mdomo ulibaki wazi. Jikoni samaki walianza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuwatoa.

Osokina aliuachia ufagio taratibu. Klavdia aliukumbatia kifuani, akateleza chini mpaka akaketi kwenye mchanga.

"Meli gani?" Osokina aliuliza.

"Mbwa wewe."

"Meli gani, Klavdia Prokhorovna?"

"Na wewe utazaa. Nakuombea siku hiyo usimame dirishani, ungoje mtu asiyekuja."

"Kuna mtu yuko mahabusu, keshokutwa anapelekwa bara kwa kosa la mwanao. Na yeye ana mtu anayemngoja. Amekaa kwenye ngazi zetu tangu Jumatatu."

"Sina shida naye. Mimi nina mmoja."

Osokina alikwenda jikoni, akazima jiko, akavaa buti zake mlangoni. Alikiinua kigoda kilichopinduka, akakirudisha kando ya vile viwili.

"Cha tatu ni cha Makar," alisema.

Klavdia alikuwa anatumia kiganja kurudisha mchanga na magamba ya mayai pale vilipokuwa, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

*

"Kwa hiyo unataka nini?" Zhilin aliuliza. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. "Nimwambie mwendesha mashtaka kwamba ushahidi ni ufagio?"

"Mpelekee na mwenye ufagio. Ametamka mwenyewe kwamba mwanaye yuko baharini. Aliyeongea na mimi simuni kweli alipanda ndege, Kanali. Nilimtega kuhusu jua, wakati nilitakiwa kumtega kuhusu yeye ni nani. Ni Makar, mtoto wa dada. Wanafanana kama mayai. Alipanda na pasipoti ya Rostislav asubuhi, Rostislav akabaki, mchana akamfuata daktari, jioni akapanda meli. Waombe Moscow waende kwenye hiyo nyumba, wamvue huyo bwana shati. Rostislav ana kovu la ajali begani, liko kwenye faili."

"Na meli?"

"Nimetoka bandarini. Jumatatu jioni iliondoka moja tu, ya samaki wa barafu, kwenda Vladivostok. Inafika keshokutwa asubuhi."

"Na kama mwanamke huyo alipayuka tu? Kama ana kichaa? Unataka niahirishe mashtaka, niwaamshe Moscow, nitume polisi gatini, niwe kichekesho cha pwani nzima, kwa sababu bibi mmoja hajafagia nyumba?"

Osokina alitazama chini. Zhilin naye akafuata macho yake. Mchanga mweusi ulikuwa palepale, kutoka mlangoni mpaka mezani, na juu yake alama za buti za siku nzima.

"Ofisi yako imefagiwa, Kanali?"

Zhilin alitazama saa ya ukutani. Ndege ya mkewe ilikuwa imebakiza karibu saa moja hewani.

"Nakuchukia, Raisa Lvovna," alisema, na akavuta simu.

*

Jumamosi, kabla ya mchana, Vladivostok walipiga. Mtu mmoja ametolewa kwenye chumba cha mitambo cha meli ya samaki, hana pasipoti, ana kovu begani. Hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu: nani amesema.

Makar alikuwa ameshakamatwa Moscow tangu Ijumaa. Alidai alidhani ni mzaha wa kifamilia.

Afanasi Kavav alitolewa mahabusu akiwa amevaa makubazi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka viatu vyake vimewekwa wapi. Mke wake alimpokea kwenye ngazi. Hakumkumbatia. Alimpa kikombe cha chai cha thermosi, akamtazama anakunywa mpaka tone la mwisho. Kisha akamgeukia Osokina, akatema mate chini karibu na buti zake, na wote wawili wakateremka kuelekea kituo cha basi.

Osokina alipanda ofisini. Bi Tasia alikuwa amemaliza kwa Kanali, na sakafu yake ilikuwa bado ina maji. Alikwenda mezani kwake, akakaa, akapiga namba.

Iliita mara moja tu.

"Haloo?" Sauti ya mtu aliyekuwa amekaa juu ya simu.

"Klavdia Prokhorovna. Ni Osokina."

Osokina alihamishia simu mkono mwingine.

"Amefika," Osokina alisema.

Upande wa pili pumzi ilivutwa, ikakaa muda mrefu bila kutoka.

"Salama?"

"Ana pingu. Lakini mzima, hana hata mkwaruzo."

"Sikukuuliza pingu."

"Amefika salama."

Osokina alisubiri matusi. Alikuwa ameyaandalia sikio. Badala yake alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, si kukatwa, kuwekwa tu. Halafu miguu mizito ikienda, na mlango wa jikoni ukilia kwenye bawaba. Kisha, kwa mbali, kutoka upande wa dirisha, ukaanza mlio mkavu wa magamba ya mayai. Ufagio ulivuta, ukatulia, ukavuta tena, ukija taratibu kwenye korido, kuelekea mlangoni.